Kabla ya kuandikisha chama, pigeni hodi Third Ward

Swali: Sisi ni akina mama kumi na mmoja. Wengi tulitoka Uvira na Fizi, Kongo, tukapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa tunaishi kusini-magharibi mwa Houston. Shuleni watoto wetu wanahesabiwa kuwa Weusi, lakini wenzao wa hapa wanawacheka, na sisi wenyewe nyumbani tumewahi kuwakataza kufuatana na Weusi wa hapa. Tunataka kuanzisha chama cha ngoma, ushonaji na hadithi ambacho kitawafundisha urithi wa Weusi wa mji huu pamoja na wa kwetu. Mtu mmoja anataka dola 2,000 atuandikishie shirika. Tulipe? Tuanzie wapi? Na kweli tuna haki ya kuuita urithi huu wetu?

Jibu: Mama, nianze na hela, maana najua zinavyopatikana. Msimlipe. Ada ya kuandikisha asasi isiyogawana faida katika jimbo la Texas ni dola 25, na fomu fupi ya kuomba msamaha wa kodi kwa serikali kuu ni dola 275. Jumla ni 300. Nitazirudia karatasi hizo huko mbele, tena kwa kifupi, kwa sababu kazi mnayoitaka haianzi na karatasi.

Nimekaa na vikundi vya sanaa vya mitaani kwa miaka mingi. Vingi vilivyokufa mapema vilikuwa na katiba, muhuri na mwenyekiti kabla ya kuwa na kitu hata kimoja ambacho jirani angekikosa kikitoweka. Kimoja nilikuwa katibu wake. Tulimaliza miezi minane tukigombania jina na nembo, na siku cheti kilipofika vijana waliokuwa roho ya kikundi walikuwa wameshatawanyika. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, na ndiyo sababu swali lenu nimelichukua kwa uzito.

Mnalolitaka lilishafanywa, tena katika mji huohuo mnaoishi. Nendeni Third Ward, mtaa wa Weusi ulio karibu kabisa na katikati ya jiji. Reli ya jijini ina kituo kinachoitwa Elgin/Third Ward. Shukeni hapo muulize Holman Street. Mtaona nyumba 22 nyembamba za mbao, nyeupe, zimepangwa safu kama wanafunzi wanaosubiri kuingia darasani. Hapo ndipo Project Row Houses, shirika la sanaa na jamii la mtaa huo. Kiingilio cha kuona kazi za wasanii ni bure.

Nyumba hizo zilijengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya wapangaji wenye kipato kidogo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 zilikuwa zimeoza, madirisha yametolewa, na dawa za kulevya zinauzwa vibarazani. Msanii Rick Lowe, mzaliwa wa Alabama aliyehamia Houston, alikuwa akichora picha kubwa za shida za watu: umaskini, ukatili wa polisi. Siku moja wanafunzi wa sekondari walimtembelea mahali anapofanyia kazi. Mmoja akamwambia kwamba picha zake ni za kweli, lakini shida hizo wanazijua tayari kwa sababu wanaishi nazo. Kama wewe ni msanii, akauliza, kwa nini usibuni suluhisho?

Lowe ameisimulia habari hiyo mara nyingi, na nadhani nimeielewa kwa nini. Kijana yule hakuwa anaidharau sanaa. Aliiheshimu kiasi cha kuidai kazi kubwa zaidi.

Kuna habari ya pili inayokwenda pamoja na hiyo. Lowe alikuwa akijitolea katika kituo cha jamii cha Third Ward kiitwacho S.H.A.P.E. Viongozi walitembezwa kwa basi kuonyeshwa sehemu mbaya za mtaa, na zile nyumba za Holman zikatajwa kuwa mbaya kuliko zote, za kubomolewa. Wengi waliona uchafu. Lowe aliona kitu kingine, kwa sababu mzee mmoja wa mtaa huohuo alikuwa amemfundisha kuziona.

Mzee huyo ni John Biggers. Alizaliwa 1924 huko North Carolina, na mwaka 1949 akaja Houston kuanzisha idara ya sanaa katika chuo ambacho leo ni Texas Southern University, chuo cha Weusi kilichomo ndani ya Third Ward. Mwaka 1957 UNESCO ilimpa nafasi ya kusafiri Afrika Magharibi, akatembea Ghana, Nigeria, Togo na Benin wakati Wamarekani Weusi wachache sana walipata nafasi hiyo. Aliporudi alizichora nyumba hizi duni kwa heshima ya ajabu. Akina mama wamesimama vibarazani, na nyuma yao mapaa yamepangwa pembetatu kwa pembetatu mpaka yanafanana na blanketi la viraka. Alikuwa anawaambia watu wa mtaa kwamba hapa wanapopaonea aibu pana ufundi, pana imani, pana ukoo.

Nyumba za namna hii huitwa shotgun, yaani bunduki. Vyumba vinafuatana bila korido, na mlango wa mbele unaelekeana na wa nyuma, hivyo watu husema risasi ikipigwa mbele itatokea nyuma bila kugusa ukuta. Mtafiti John Michael Vlach aliufuatilia umbo huo katika miaka ya 1970, akautoa New Orleans mpaka Haiti, na Haiti mpaka kwa Wayoruba. Maana yake, watu waliovushwa bahari bila hata kanga ya kujifunga walivuka na ramani ya nyumba vichwani mwao. Angalieni pia kibaraza cha mbele. Sisi wa pwani tunajua kibaraza ni nini: mahali pa salamu na habari, pa kumwangalia mtoto wa jirani, pa wazee kutatua ugomvi. Kwa Third Ward ni vilevile.

Basi mwaka 1993 Lowe na wasanii wenzake sita, James Bettison, Bert Long, Jesse Lott, Floyd Newsum, Bert Samples na George Smith, wote Weusi wa Houston, wakazichukua nyumba zile. Hawakuwa na fedha za maana mwanzoni. Walianza kwa kufagia. Kila mwisho wa wiki watu walikuja kukata majani, kutoa takataka, kupigilia mbao. Makanisa, familia na kampuni zikachukua nyumba mojamoja kuzikarabati. Jirani aliyekuwa akipita upande wa pili wa barabara kwa hofu akaanza kuvuka.

Halafu wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Nyumba hawakuzijaza picha peke yake. Baadhi walizitenga kwa wasanii, ambao mpaka leo hupewa kila mmoja nyumba yake kwa miezi kadhaa aibadilishe chumba kwa chumba kuwa kazi ya sanaa inayozungumza na mtaa. Lakini nyumba za nyuma, kuanzia 1996, waliwapa akina mama wadogo wanaolea peke yao, wapate pa kukaa, malezi ya pamoja na utulivu wa kumaliza masomo. Mama mwenye kitabu cha hesabu na mtoto mgongoni alikuwa jirani wa msanii mwenye brashi. Mbele maonyesho, nyuma maisha, na uwanja katikati wa wote.

Walikuwa wanamfuata Biggers, aliyefundisha kwamba jamii imara ya Weusi husimama juu ya sanaa, elimu, kujaliana, majengo mazuri na riziki. Walimsikiliza pia msanii wa Ujerumani, Joseph Beuys, aliyesema jamii yenyewe ni sanamu ambayo kila mtu anashiriki kuichonga. Leo majengo ni 39 yaliyotawanyika katika vitalu vitano vya Third Ward, na Lowe alipewa tuzo kubwa ya Marekani iitwayo MacArthur mwaka 2014. Tuzo ilikuja miaka zaidi ya ishirini baada ya fagio.

Kwa nini nawachosha na historia ndefu ya shirika la watu wengine? Kwa sababu naona mnajiuliza mwaweza kuwa na nini, wakati swali linalofaa kwanza ni mtaa wenu unahitaji nini ambacho mikono yenu inakijua. Mmesema ngoma, ushonaji, hadithi. Vizuri. Nani ana shida ambayo ushonaji unaweza kuipunguza? Bibi gani wa Third Ward ana sanduku la nguo za marehemu mumewe na hajui azifanyie nini? Mtoto gani hana pa kukaa kuanzia saa tisa mchana shule inapofungwa mpaka mama atoke kazini saa moja usiku?

Sasa swali la haki.

Nitasema wazi: mababu wa Third Ward hawakutoka Uvira. Msiwaambie watoto hivyo. Watu wa Kongo waliovushwa Atlantiki walitoka zaidi upande wa magharibi, kwa Wakongo na majirani zao, mbali sana na Ziwa Tanganyika. Biashara ya watumwa iliyopita Ujiji na Tabora ilielekea Bagamoyo, Zanzibar, Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Wapo Waafrika Mashariki waliopelekwa Amerika, hasa kupitia Msumbiji kwenda Brazil na Cuba, lakini Texas haikujengwa na wao. Mkichanganya, mtoto atakuja kuusoma ukweli chuoni na hatawaamini tena hata kwa mambo mliyoyasema sawasawa.

Lakini kuna deni, na deni hilo ndilo litawafanya mwe wenyeji. Tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alitangaza Galveston kwamba watumwa wa Texas ni huru, miaka miwili na nusu baada ya Rais Lincoln kutia sahihi tangazo lake. Mwaka uliofuata watu wakaanza kuiadhimisha siku hiyo, lakini bustani za umma hazikuwa zao. Kwa hiyo mwaka 1872 waliokuwa watumwa, wakiongozwa na wahubiri kama Jack Yates, walichangishana wakanunua ekari 10 ili wapate pa kusherehekea uhuru wao. Watu waliotoka utumwani miaka saba tu, wengi bado hawana nyumba za kueleweka, kwa fedha yao ya pamoja walinunua uwanja wa kusherehekea. Hapo ni Emancipation Park, na ipo mpaka leo, mwendo mfupi kutoka zile nyumba nyeupe.

Kisha tarehe 4 Machi 1960, wanafunzi 13 wa Texas Southern walitembea kutoka chuoni mpaka supamaketi moja ya Almeda Road, wakakaa kwenye kaunta ya chakula ambayo haikuwahudumia Weusi. Walikuwa vijana wa umri wa watoto wenu wakubwa. Vuguvugu hilohilo, kwa nchi nzima, ndilo lililozaa sheria za haki za raia za 1964 na 1965, na katika hewa hiyohiyo ikapitishwa sheria ya uhamiaji ya 1965 iliyofuta mgawo uliowapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini. Mlango mlioingilia uliwahi kusukumwa na mabega ya Wamarekani Weusi. Kwa hiyo pale mliposema mliwakataza watoto kufuatana na Weusi wa hapa, naomba muanzie hapo. Najua maneno hayo mliyaokota wapi. Kambini na uwanja wa ndege, kila mtu anakupa ushauri wa nani wa kumwogopa. Waambieni watoto kwamba mlikosea. Kaeni nao mezani, kwa Kiswahili, muwaeleze habari ya wale wanafunzi 13. Bila hilo, chama chenu kitacheza ngoma juu ya dharau, na watoto wana masikio makali kwa jambo la namna hiyo.

Basi haki mnayo ya jirani: ya kubisha hodi, kukaribishwa, kujifunza, na kuleta mlichonacho. Na mlichonacho ni kikubwa kuliko mnavyodhani.

Lile jina S.H.A.P.E. nililolitaja ni la kituo kilichoanzishwa Third Ward mwaka 1969, na maana yake ni kujisaidia kwa watu wa asili ya Afrika kwa njia ya elimu. Miaka yote hiyo, pamoja na kazi nyingine za watoto na wazee, kimekuwa kikisherehekea Kwanzaa. Kama hamjawahi kuiona, mtashtuka. Sikukuu hii ilibuniwa Los Angeles mwaka 1966 na Maulana Karenga, inaanza Desemba 26 mpaka Januari 1, na lugha yake ni yenu. Jina limetokana na "matunda ya kwanza". Juu ya meza kuna mkeka, mazao, vibunzi, kinara, mishumaa saba, kikombe cha umoja na zawadi. Kila siku wanataja nguzo moja: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Bibi wa miaka themanini aliyezaliwa Texas, ambaye ukoo wake haujaiona Afrika kwa miaka mia mbili, anawasha mshumaa na kusema "ujima".

Walichagua Kiswahili kwa makusudi. Hawakujua kijiji chao ni kipi, kwa hiyo walichukua lugha ambayo si ya kabila moja, lugha iliyobeba uhuru wa Afrika Mashariki wakati ule. Matamshi yatakuwa tofauti na yenu, na herufi moja imeongezwa mwishoni mwa Kwanzaa ili jina liwe na herufi saba. Msiwasahihishe siku ya kwanza. Siku ya kwanza msikilize. Yule mama anaposema "kuumba" anasema neno ambalo watu wake walilichukua kwa mapenzi, wakati ambapo wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba lugha zetu hazifai.

Halafu akiuliza, na atauliza, mwambieni neno lenyewe linavyoishi kwetu. Kwamba ujima ni watu kulimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na pombe au ugali wa pamoja jioni. Hakuna mtu Houston anayeweza kutoa zawadi hiyo vizuri kuliko nyinyi. Madarasa ya Kiswahili cha Kwanzaa, yakifundishwa na akina mama wa Uvira, kwa watoto wa Third Ward na watoto wenu wakikaa benchi moja: mimi ningeanza na hilo kabla ya ngoma. Linahitaji chumba, viti, na mtu wa kupika chai.

Ushonaji nao una mlango wake. Wanawake Weusi wa kusini mwa Marekani wana urithi mkubwa wa mablanketi ya viraka, yaliyoshonwa kwa nguo kuukuu za kazi, kwa sababu hapakuwa na kitambaa kipya. Huko Alabama, mwaka 1966, walianzisha ushirika wa kuuza mablanketi hayo, na baadhi ya wanawake hao walikuwa wamefukuzwa mashambani kwa kujiandikisha kupiga kura. Nyinyi mna vitenge. Hebu fikirini blanketi moja tu, kubwa. Kila mama wa kwenu alete kipande cha kitenge alichovuka nacho, kila mzee wa Third Ward alete kipande cha nguo ya mtu wa kwao, na kila kipande kikishonwa, mwenye nacho asimulie kilikotoka huku mtoto mmoja akirekodi kwa simu. Kufikia mwisho wa blanketi mna majina ya watu ishirini mnaojuana, saa nyingi za historia ya mdomo, na kitu cha kutundika ukutani. Maktaba ya jiji ina kituo cha utafiti wa historia ya Weusi katika jengo la iliyokuwa shule ya Gregory, mtaa wa Freedmen's Town. Wanahifadhi simulizi za wazee, na wanaweza kuwaelekeza namna ya kurekodi na kuomba idhini ya msimuliaji. Ombeni idhini kwa maandishi kila mara. Simulizi ni mali ya mtu.

Nimeitaja Freedmen's Town, na hapo lazima nisimame kidogo. Mtaa huo ulijengwa na watumwa waliopata uhuru. Wakazi walitandaza wenyewe matofali ya barabara. Mwaka 1985 uliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, ukiwa na mamia ya majengo ya kale. Orodha haikuuzuia ubomoaji. Ardhi ilikuwa karibu na katikati ya jiji, bei ikapanda, na nyumba zikaondoka moja baada ya nyingine mpaka zikabaki chache. Third Ward iko katika hatari ileile. Ndiyo maana watu wa Holman Street hawakuishia kwenye maonyesho: mwaka 2003 walianzisha asasi dada ya kujenga nyumba za kupangisha kwa bei ambayo wenyeji wanaimudu, kwa michoro iliyobuniwa na wanafunzi wa usanifu wa chuo cha Rice, nyumba mpya zenye sura na vibaraza vya zile za zamani. Sanaa ikiufanya mtaa upendeze bila ardhi kuwa mikononi mwa wenyeji, inawaandalia njia ya kuhamishwa. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona likitokea.

Kwenu nyinyi, kwa sasa, maana yake ni ndogo na ya kawaida: msikodi ukumbi mwaka wa kwanza. Kodi ya pango itawala. Tumieni chumba cha kanisa, cha maktaba, cha S.H.A.P.E. wakiwakubalia. Siku mtakapokuwa na fedha ya kweli, fikirini kumiliki kabla ya kupamba.

Nimkumbuke pia mama mmoja wa Third Ward ambaye habari yake wasusi wenu wataipenda. Anna Dupree alikuwa mtengeneza nywele. Fedha yake ya saluni, pamoja na ya mumewe Clarence, ndiyo iliyofungua ukumbi wa Eldorado mwaka 1939, mkabala na Emancipation Park, wakati Weusi wa Houston hawakuwa na mahali pa heshima pa kucheza dansi wala kufanyia mikutano ya vyama vyao. Alisaidia pia yatima na wazee. Ukumbi ulifungwa miaka ya 1970. Mwaka 1999 Project Row Houses walipewa jengo hilo kama zawadi, na mwaka 2023 lilifunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa. Miaka ishirini na minne ya kulishika mpaka uwezo upatikane! Wapelekeni watoto walione, na muwaambie lilijengwa kwa vichwa vilivyosukwa.

Karatasi sasa. Texas inataka wakurugenzi wasiopungua watatu, rais na katibu, na nafasi hizo mbili za mwisho zisishikwe na mtu mmoja. Uraia si sharti. Fomu ya jimbo ni namba 202. Namba ya mwajiri kutoka mamlaka ya kodi, IRS, ni bure, hata kama hamna mwajiriwa. Fomu fupi ya msamaha, 1023-EZ, ni kwa asasi inayotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na mali isiyozidi dola 250,000. Mkishapata, kila mwaka mtume taarifa fupi iitwayo 990-N kwa intaneti. Ni dakika chache, lakini mkiiacha miaka mitatu mfululizo msamaha unafutika wenyewe, na vikundi vingi vya wahamiaji vimepotezea hapo. Hakikisheni ada kwenye tovuti za serikali siku mtakayojaza.

Ila mnaweza kufanya kazi mwaka mzima bila hayo yote. Tafuteni asasi mlezi, yaani asasi iliyoandikishwa ambayo inapokea michango kwa niaba yenu, inakata asilimia kidogo, na inawajibika kwa hesabu. Mkataba uwe wa maandishi, na usemwe wazi nani ana haki ya jina lenu na vifaa mkiachana. Ruzuku za sanaa za jiji la Houston hutokana na kodi ya vyumba vya hoteli, na waombaji wadogo hawafungiwi nje. Lakini ombeni baada ya kuwa na blanketi na picha za madarasa. Mpaka hapo, upatu wenu unatosha, au likelemba kama wengi wa Kongo mnavyouita. Wanawake kumi na mmoja wakitoa dola 10 kila mwezi ni dola 1,320 kwa mwaka. Zinatosha uzi, sindano, chai na nauli. Sahihi za benki ziwe mbili, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi, hata kama fedha iliyotumika ni ya nauli tu. Na kwa kuwa mtakaa na watoto wa watu, mtu mzima asikae na mtoto peke yake chumbani, nyote mkubali kuchunguzwa rekodi zenu, na namba za wazazi ziwe mahali panapojulikana.

Mtaambiwa kwamba kazi ya urithi ni anasa ya watu walioshiba. Kule Eatonville, Florida, mji mdogo wa Weusi ulioundwa kisheria mwaka 1887, serikali ya wilaya ilitaka kupanua barabara kuwa ya njia tano katikati ya mji. Wenyeji wakaunda chama, na mwaka 1990 wakaanzisha tamasha la kila mwaka la sanaa kwa heshima ya mwandishi Zora Neale Hurston, aliyekulia hapo. Tamasha likaufanya mji ujulikane nchini, na barabara ya njia tano haikupita. Ngoma na hadithi zilifanya kazi ambayo wanasheria peke yao wasingeiweza.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya karibu, chukueni watoto mwende Holman Street. Msibebe barua wala mpango. Ingieni nyumba moja baada ya nyingine, mkae kibarazani kama hakuna anayepatumia, muwasalimie wanaopita. Kisha siku nyingine nendeni S.H.A.P.E. mkaulize wana kazi gani wiki hiyo inayohitaji mikono, iwe kupanga viti, kupika, kufagia, mkaifanye. Rudini mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne, kama kuna mzee aliyewazoea, mwambieni mnataka kufundisha Kiswahili cha Kwanzaa na kushona blanketi, mumwombe ushauri, na akisema msubiri, msubiri. Ikiwezekana yawe yameanza kabla ya Septemba, ili Desemba watoto wenu na wao wasimame pamoja mbele ya kinara, nanyi mwe mmekaa nyuma na akina mama wengine.

Mkifika kwenye fomu 202 mkakwama, niandikieni tena. Nitawapitisha mstari kwa mstari.